Mgeni Aliyeujua Mtaa

Danson fundi wa baiskeli hakuwa mtu wa kuogopa wageni. Voi ni mji wa kupita, na mtu wa mtaa wa Kaloleni huzaliwa amezoea sura asizozijua. Lakini mgeni wa asubuhi ile ya Januari, mwaka wa themanini na nne, alimtia wasiwasi hata kabla hajatua begi lake, na kisa kilikuwa ile adabu yake.

"Samahani sana ndugu yangu, naomba nikusumbue kidogo," alisema mgeni.

Pale Kaloleni, mtu akikuomba ruhusa ya kukusumbua, ujue ama anauza bima, ama ametumwa na serikali, ama ametoka Tanzania. Huyu alisema ametoka Moshi. Alishuka kwenye basi la alfajiri la Taveta, kofia mkononi, umri wake kama miaka hamsini, jina lake Elijah. Alitaka mtu wa kumtembeza mtaani mpaka basi la kurudi litakapoondoka saa tisa.

"Kutembezwa kuona nini?" Danson aliuliza. "Hapa hakuna bahari."

"Kuona tu. Nina rafiki aliyekuwa akiishi hapa. Aliniambia Kaloleni hailiwi kwa haraka, ni ya siku nzima."

Danson aliiweka pampu chini polepole.

Kila mtu mtaani alijua kwa nini neno Moshi lilimchoma Danson. Mkamburi, mwanamke aliyekuwa akiishi naye, alikuwa mke wa Mwandawiro, gadi wa treni. Mwaka wa sabini na saba Mwandawiro alienda na gari la moshi hadi Moshi, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa nyuma yake kama mlango uliopigwa na upepo, na hakurudi. Mkamburi alingoja miaka miwili, huku watu wa reli wakimtoa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wao. Mwisho akahamia kwa Danson, wakapata binti, Wakio, aliyekuwa sasa anakaribia miaka minne.

Shida ilikuwa mahari. Danson alipopeleka ng'ombe Mwanda, kijijini kwao Mkamburi, baba yake aliwatazama, akawasifu, kisha akamwambia awarudishe. Mwandawiro alikwisha kutoa wake, na hakuwa amerudishiwa wala kusema neno. "Nikila na hawa wako," mzee alisema, "nitakuwa nimemuuza binti mmoja mara mbili." Na kwa mila ya Wadawida, Wataita wa milimani, mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe wa mahari. Danson alikuwa akimlea Wakio, akimnunulia viatu, akikesha naye akiwa na homa, huku akijua kwamba siku yoyote mtu angeweza kuja mlangoni na kusema: nimefuata mtoto wangu. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa mwezi wa kumi na moja uliopita, wenzake walishangilia. Yeye aliacha kulala vizuri.

Sasa mlango ulikuwa umebishwa, tena kwa adabu.

Angeweza kumfukuza. Lakini mgeni ukimfukuza atauliza kwingine, na kinyozi Kiilu angemweleza yote kabla hajakaa kitini. Heri kutembea naye. Danson akafunga kibanda, akasema, "Haya twende."

Elijah akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la shule, imejaa mwandiko wa kalamu ya risasi. Akasoma: "Asubuhi, chai ya maziwa na mahamri kwa Mama Jedidah. Kaa benchi la nje, la ndani lina kunguni."

Benchi lile la kunguni lilichomwa moto miaka mitano iliyopita. Aliyeandika karatasi ile aliijua Kaloleni ya zamani, ile ya kabla ya mpaka kufungwa.

"Rafiki yako anaitwa nani?"

"Tutafika huko, ndugu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tule kwanza."

Walikula. Danson ndiye aliyelipa, maana woga humfanya mtu mkarimu. Mama Jedidah, mjane mnene aliyekuwa na jicho la kuona mpaka mfukoni, aliuliza mgeni ni wa nani. Danson akasema ni mnunuzi wa baiskeli. Elijah akamtazama tu, akapuliza chai yake.

Karatasi ikawapeleka kwa Kiilu. "Kinyozi ni mwongo," Elijah alisoma mlangoni, "lakini mkono wake mwepesi." Kiilu alicheka, akataka kujua ni nani aliyemsifu hivyo. Akampaka mgeni sabuni shingoni, kisha, kwa ule mdomo wake usiojua kufungwa, akageuka: "Danson, na Mama Wakio hajam..." Danson akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Kiilu akameza maneno, wembe ukasimama hewani. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, akanyoa mtu kimyakimya.

Kwenye kioo chenye ufa Danson aliona macho ya mgeni, na macho hayo hayakuwa yakitazama ndevu.

Wakashuka mpaka darajani, kwa sababu karatasi ilisema wasimame pale waitazame milima ya Sagala kabla jua halijapanda. Mto ulikuwa mchanga mtupu, wanawake wakichota maji kwenye visima walivyochimba kwa mikono. Elijah alisimama muda mrefu, kama mtu aliyetumwa kusimama. Danson alimwona amefunika mistari ya mwisho ya karatasi kwa kidole gumba, kama alivyofanya tangu asubuhi.

"Ndugu Danson," alisema bila kugeuka, "kuna mama mmoja aliyekuwa akikaa kwenye landhi, nyumba ya kumi na nne. Anaitwa Mkamburi. Unamfahamu?"

Danson alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu saa mbili. Alikuwa amepanga kusema amehama, amerudi kwao, hajulikani aliko. Lakini aliyehama hufuatwa. Aliyerudi kwao huulizwa kwao. Akamwona Wakio akilini akishikwa mkono na watu asiowajua, akipandishwa basi, na mdomo ukamtangulia.

"Alikufa," akasema.

Elijah akavua kofia. Akakaa juu ya ukingo wa daraja. "Lini?"

"Mwaka juzi. Kipindupindu."

"Kaburi lake liko wapi, nikatoe heshima?"

"Kwao Mwanda. Ni mbali, juu milimani. Basi lako litakuacha."

Uongo una njaa, ukiulisha kidogo utataka tena. Kumtamkia kifo mwanamke aliyekuandalia uji asubuhi ile ile si jambo dogo, hata kwa asiyeamini laana, na Danson hakuwa na hakika kwamba haamini.

"Basi tumalizie," Elijah alisema, akivaa kofia yake. "Imebaki soko. Nilimwahidi rafiki yangu kula ndizi za Mwanda."

Hapo ndipo Danson alipotaka ardhi ipasuke. Ndizi za Mwanda ziliuzwa upande wa kusini wa soko, na aliyeziuza pale, Jumatatu mpaka Jumamosi, alikuwa Mkamburi. Akamwambia mgeni kwamba siku hizi ndizi nzuri ziko upande wa wachinjaji. Wakapita katikati ya nzi na vichwa vya mbuzi, Danson akitembea upesi, kichwa chini. Walikuwa wamekaribia kutoka salama. Ndipo sauti ikapaa juu ya soko zima, nyembamba, yenye kicheko ndani yake:

"Baba Wakio! We Baba Wakio! Unakimbia nani?"

Danson hakugeuka. Sauti ikamwita tena, wanawake wengine wakacheka. Aliendelea kwenda kama kiziwi, masikio yakiwaka moto. Elijah ndiye aliyegeuka. Alimtazama yule mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, aliyesimama kati ya ndizi, kisha akamfuata Danson, na ndizi hazikutajwa tena.

Huko stendi, basi la Taveta lilikuwa tayari limewasha injini. Elijah alimpa mkono mwenyeji wake.

"Nakushukuru ndugu. Tangu saa mbili hujaniacha hata kidogo. Umeninywesha chai, umelipa hata kinyozi. Ila kwako hukunipitisha, hata ninywe maji."

"Nyumba iko mbali kidogo," Danson alijibu. Ilikuwa nyuma ya stendi ile ile, hatua mia mbili.

"Sawa. Basi nikwambie, maana mwenye habari yake hayupo tena. Rafiki yangu alikuwa Mwandawiro. Aliishi na dada yangu kule Moshi. Kwanza alizuiwa, halafu aliona aibu, na aibu ikizeeka haivuki mpaka. Alifariki mwezi wa kumi, kwa ugonjwa wa kifua. Hii karatasi aliiandika kitandani, akaniomba, mpaka wa nchi ukifunguliwa, nije niishi siku moja ya kwao, halafu nimpe Mkamburi neno mbele ya mashahidi. Sasa Mkamburi ni marehemu. Neno la kumpa marehemu halipo. Narudi nalo."

Akapanda.

Furaha ndiyo iliyotangulia, na Danson aliionea haya maisha yake yote: Mwandawiro amekufa, hatakuja mtu. Kisha akili ikamrudia. Mwandawiro alikuwa na kaka watatu kule Rukanga, kijijini kwao. Kwa mila, ng'ombe wa marehemu ni wao, na mtoto ni wao. Habari ya msiba ingewafikia wakati wowote. Kitu pekee ambacho kingewazuia kilikuwa neno la marehemu mwenyewe, na neno hilo lilikuwa limekaa dirishani, limevaa kofia, basi likianza kusogea.

Danson aliupiga ubavu wa basi kwa viganja vyote viwili, akikimbia kando yake. "Shuka! Mzee, shuka! Nimekudanganya!"

Dereva akatukana, akasimama. Elijah akashuka na begi lake, taratibu, kama mtu aliyekuwa hajakaa vizuri kitini.

"Yuko hai," Danson alisema akihema. "Ni yule wa sokoni. Anaishi na mimi."

"Najua. Nilijua toka alipokuita. Mtu hamtembezi mgeni siku nzima bila kumfikisha kwake, isipokuwa kwake kuna kitu." Elijah akampa begi alibebe. "Usingesema, ningeshukia pale mbele, nirudi kwa miguu. Nilitaka kuona kama utasema mwenyewe."

Waliporudi sokoni, Danson aliwaita Kiilu na Mama Jedidah wawe mashahidi, na Elijah akasema aliyotumwa kusema. Alianza na kifo. Mkamburi alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini kati ya ndizi zake, akalia kilio ambacho Danson hakuwahi kukisikia kwake, cha kutoka tumboni, cha mke. Danson alisimama na begi la watu mkononi, hajui alitue wapi. Wivu ulimwuma, akauonea aibu, ukazidi kumwuma.

Elijah alingoja kilio kitulie, ndipo akaondoa kidole kwenye mistari ya mwisho ya karatasi, akamalizia. "Alisema hivi: Nilimkosea Mkamburi. Ng'ombe wangu nimewaacha, asidaiwe na ndugu zangu. Kama amezaa, mtoto ni wa aliyemzaa. Yeye ni huru."

Kiilu alisema amesikia. Mama Jedidah alisema amesikia. Kile ambacho Danson alikuwa amekililia moyoni kwa miaka minne kilikuwa kimetamkwa mchana kweupe, na Wakio, aliyekuwa akicheza na maganda chini ya meza, alikuwa wake.

Mkamburi alifuta uso kwa ncha ya leso. "Shemeji," alimwuliza Elijah, "umefika saa ngapi Voi?"

"Saa mbili."

"Sasa ni saa kumi. Ulikuwa wapi na msiba wangu?"

Elijah akamtazama Danson, na Kiilu akamtazama Danson, na Mama Jedidah alikuwa amekwisha kumtazama zamani.

"Nilikuwa naye mimi," Danson alisema. "Niliogopa amekuja kumchukua mtoto. Nilimwambia... nilimwambia umekufa."

Mwanamke mmoja wa viazi alishika mdomo.

"Nimekufa," Mkamburi alisema.

"Kipindupindu," Kiilu akasaidia, kwa kuwa alikuwa ameshasimuliwa njiani, na hakuna aliyemshukuru.

"Kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa hapa nacheka na wateja, mume wangu amekufa, na habari yake inapitishwa mitaani inakunywa chai. Nikakuita kwa jina la mtoto wako, ukanikimbia. Kumbe ulikuwa unatoka kunizika."

"Mama Wakio, sikujua kama yeye amefariki."

"Ulijua ananitafuta mimi."

Mkamburi alisimama, akamtoa Wakio chini ya meza, akampangusa vumbi magotini. Alipoongea tena hakupandisha sauti.

"Umesikia mwenyewe, mimi leo si mke wa mtu. Leo nitalala kwa Mama Jedidah, nimlilie mtu wangu. Wewe kesho panda Mwanda kwa baba, upeleke ng'ombe wako, ukapose kama watu wanavyoposa. Na akikuuliza unamtaka binti yupi, mwambie yule uliyemzika."

Akamchukua mtoto mgongoni na kwenda zake, na Mama Jedidah akamfuata na kikapu cha ndizi.