Koti Lililopakwa Nta

Kofia tuliyompatia mdogo wangu Ignas ilikuwa nzuri kuliko kichwa chenyewe, na nilimwambia hivyo mbele ya mwenye duka. Alicheka. Ignas alikuwa mtu wa kucheka hata pale unapomtafutia ubaya, na tabia hiyo ilinichosha tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni.

Hatukwenda Singida mjini kutembea. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, watu waliokuwa wametawanyika maporini wameshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na zahanati yetu ya Mgori ilitakiwa kuhudumia pia kijiji kipya cha ng'ambo ya msitu. Kwa kazi hiyo ililetwa pikipiki. Mganga wa kwanza kuipanda aliitwa Melkizedeki. Aliipanda kichwa wazi, gurudumu likapanda mzizi, akarushwa na kuangukia kisiki. Baba yetu, mzee Mughwai, alikuwa msituni siku hiyo akikagua mizinga yake ya nyuki. Yeye ndiye aliyemkuta, na yeye ndiye aliyembeba hadi kijijini. Alichokiona hakutusimulia.

Sasa nafasi ya marehemu akapewa Ignas, ambaye alikuwa hajawahi kuendesha hata baiskeli kwa adabu. Mama alikuwa ameshafariki, na watoto tulikuwa sisi wawili tu. Baba hakubishana na serikali. Alisema Ignas hapandi kitu kile mpaka afunikwe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu.

"Nimembeba mtoto wa mwenzangu," alisema. "Wangu sitambeba."

Ndipo tukajikuta watatu ndani ya duka la mzee Prabhudas, mimi, Ignas na baba. Miaka ile maduka mengi yalikuwa na rafu tupu, lakini Prabhudas alikuwa na sanduku la mbao stoo, mali ya padri mmoja mgeni aliyerudi kwao. Tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, alilivuta sanduku lile hadi kwenye mwanga wa mlango.

Kofia zilikuwa mbili. Moja nyeupe, ya kufunika utosi peke yake. Ya pili nyeusi, nzito, inafunika kichwa kizima pamoja na mashavu na kidevu, na mbele ina kioo cha kufunua na kufunika. Ignas akaichukua ile nyeupe.

"Hii nyepesi," alisema. "Na upepo naupata."

"Upepo utaupata kaburini," nikamwambia. "Weka chini."

Prabhudas alikohoa kidogo kuficha kicheko. Akamvisha ile nyeusi, akamfunga mkanda chini ya kidevu, akamwambia atingishe kichwa kwa nguvu. "Ikicheza haikufai, kijana," alisema. Haikucheza. Glavu alimjaribisha kwa kumshikisha ufito wa ufagio, akunje vidole na kukunjua, aone kama ataweza kubana klachi na breki. Buti alizipima kwenye kifundo cha mguu, kwa kuwa visiki vya njiani hupiga hapo kwanza. Halafu akatoa koti la ngozi nyeusi, refu, lenye kola ya kusimama. Miiba ya msitu wa Mgori haina adabu, na koti lile lingeweza kuinyamazisha. Sote tuliliona kuwa ndilo. Baba alilipapasa mikono yote, ndani na nje, kama anayemkagua ng'ombe wa mahari.

"Limekauka," alisema.

Kweli lilikuwa limekauka. Vitu vyote vile vilikuwa vimekaa sandukuni muda mrefu, ngozi imekakamaa na kuanza kupasuka kwenye mikunjo. Prabhudas akasema litafutiwe mafuta. Baba akamwambia kwamba kwake hilo si tatizo.

Nyumbani alikaa uani siku nzima. Aliyeyusha nta, akaichanganya na mafuta ya kondoo, akaanza kupaka. Alipaka koti, akapaka glavu na buti, akapaka mkanda wa kofia, kisha akaingiza vidole ndani ya kofia yenyewe na kupaka ule utepe wa ngozi unaokaa kwenye paji la uso. Sijapata kumwona baba akifanya kazi kwa upole namna ile. Ngozi ililainika, ikang'aa, na ua wote ukanukia. Nilisimama mlangoni nikamtazama, na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu Ignas apewe kazi ile.

Nta hiyo, kutoka chungu hichohicho, ndiyo aliyokuwa akipaka ndani ya mizinga mipya ili nyuki wavutwe na harufu na kuhamia. Jambo hilo kila mtu wa Mgori analijua. Na kila mtu wa Mgori anapaka nta mshipi wake na ala ya kisu chake. Mambo hayo mawili hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Mshipi ni kitu kidogo, unashika vumbi siku hiyohiyo, na hatukuwa tumesikia mtu aliyefuatwa na nyuki kwa sababu ya mshipi.

Koti lilianikwa kwenye kamba. Kulipopambazuka nyuki mmoja alikuwa juu ya kola, anatembeatembea. Jua lilipopanda wakawa wengi kidogo. Wengine waliingia ndani ya kofia iliyokuwa kwenye kigoda, wakatoka, wakaingia tena. Nilitaka kuwapunga kwa kanga, baba akanizuia. Katika ukoo wetu nyuki aliyekuja mwenyewe nyumbani hafukuzwi. Anahesabiwa kuwa ni heri.

"Wanamuaga mdogo wako," alisema. Alikuwa amefurahi sana.

Sikufurahi. Namna walivyokuwa wakiikagua ile kofia, pembe kwa pembe, ilinikaa vibaya moyoni. Lakini ukimwambia mrina asali wa miaka mingi kwamba nyuki wake wanakutisha, utachekwa mpaka unyamaze. Nikaenda kupika.

Ignas alijifunzia kwenye uwanja wa shule asubuhi na mapema, kabla ya joto. Alianguka vizuri sana. Mara ya kwanza aliburuzwa kwenye changarawe, koti likatoka na mkwaruzo na yeye akatoka mzima. Mara nyingine alitupwa kichwa mbele kwenye ukuta wa choo, watu wakapiga kelele, naye akaamka na kujipangusa. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Antipasi, aliigonga ile kofia kwa fimbo yake na kusema kwamba mtu huyu sasa hafi labda azeeke. Baba alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Jioni akapaka tena nta kwenye ile mikwaruzo.

Wiki iliyofuata tuliitwa. Mimi ni mkunga, na kule ng'ambo ya msitu palikuwa na mama aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hashuki. Ignas alifunga mkoba wa dawa, akavaa vyote, akafunga mkanda. Mimi nilipanda nyuma na kanga zangu mbili, kwa kuwa vifaa vilikuwa vya mtu mmoja tu. Baba alisimama mlangoni. Hakunitazama mimi hata kidogo, alikuwa akimtazama Ignas kuanzia juu hadi chini kuona kama kuna mahali pamebaki wazi. Hapakuwa na mahali.

Ilikuwa kiangazi, saa sita imeshapita. Ndani ya msitu hapakuwa na upepo. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imekatiza, na Ignas aliendesha polepole huku akiniuliza kila baada ya kona kama bado nipo. Nilimjibu kwamba nipo na mgongo wangu haupo. Jua lilipiga lile koti jeusi mpaka nikaanza kuona linatoa jasho, nta inayeyuka na kung'aa mabegani. Harufu yake ilinijaa puani. Nyuki mmoja akatua kwenye bega lake, nikampuliza akaondoka. Akarudi na mwingine.

"Ignas," nikasema, "ongeza mwendo."

Hakunisikia, masikio yalikuwa ndani ya kofia. Mbele yetu kulikuwa na korongo la mchanga, na juu yake miti mirefu imetundikwa mizinga kila upande. Ilikuwa mizinga ya watu wa Mgori, mingine ya baba. Gurudumu la nyuma likazama. Ignas akaongeza moto, pikipiki ikanguruma palepale, haiendi, mchanga unaruka na moshi unatujaa. Niliruka nikaanza kusukuma. Ndipo nikasikia mvumo mwingine juu ya ule wa injini.

Walishuka wote kwa pamoja. Mimi walinichoma mikononi na shingoni, lakini hawakukaa kwangu. Walinipita. Walitua kwenye koti, wakaingia kwenye kola, wakajipanga kwenye ukingo wa kofia na kuzama ndani mmoja baada ya mwingine, kama wanaoingia kwao. Koti lilikuwa jeusi, sasa likawa la rangi yao.

Ignas alishusha kioo, akidhani anawafungia nje. Aliwafungia ndani. Akaanza kukimbia, akaanguka, akaamka, mikono yote miwili chini ya kidevu akiutafuta mkanda. Vidole vya zile glavu vilikuwa vinene, na mkanda ulikuwa umelainika kwa mafuta, unateleza. Nilimfikia. Nilimwangusha chini nikamkalia kifuani, nikavuta mkanda kwa kucha na kwa meno. Kupitia kioo sikuuona uso wake. Niliisikia sauti yake tu, ikiniita dada, dada, kisha ikawa haisemi neno lolote.

Nilitoa kiberiti kwenye mkoba wa dawa, nikawasha nyasi na kanga yangu ya juu, nikamfukizia moshi mpaka na mimi nikashindwa kupumua. Nyuki walipopungua niliupata mkanda ukafunguka. Nilimvua kofia. Sitaeleza nilichokiona, na sasa najua kwa nini baba hakueleza cha Melkizedeki.

Watu wa kijiji kile walioona moshi ndio waliotukuta. Waliniambia baadaye kwamba yule mama alijifungua salama bila sisi.

Walimbeba Ignas hadi nyumbani juu ya machela ya miti. Baba alitupokea njiani. Alimfunua, akatazama, akamfunika. Fundi wa nyuki hahitaji kuambiwa.

"Nini kiliwakasirisha?" akaniuliza. "Walikuwa wanatujua."

Nilikuwa nimevimba midomo, kusema ilikuwa taabu. "Moshi wa pikipiki, baba," nikasema. "Na ule mngurumo. Tulikwama chini ya mizinga."

Akatikisa kichwa, akakubali. Usiku hakulala, lakini alikubali. Aliwaambia waombolezaji maneno yangu yaleyale, moshi na mngurumo, na Antipasi akasema pikipiki nyingine isiletwe tena Mgori. Nilimshukuru Mungu kwa uongo ule. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, na niliona wazi kwamba ukweli ungenichukulia wa pili.

Tulimzika asubuhi. Tuliporudi kutoka makaburini tukamkuta mjumbe wa kijiji cha ng'ambo ameleta vitu vya marehemu, kwa heshima zote. Mkoba wa dawa aliuweka mezani. Gunia lenye koti, glavu, buti na kofia aliliegemeza ukutani, kwenye jua, katikati ya waombolezaji. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka na sufuria ya uji nikaona watu wa upande ule wamehama viti vyao.

Nyuki walikuwa wanakuja. Hawakuwa wakali. Walitua kwenye gunia, wakatafuta tundu, wakaingia. Baba alikuwa amekaa mkabala, fimbo mapajani. Alimtazama wa kwanza, wa pili, na waliofuata. Hapakuwa na pikipiki hapo, wala moshi, wala mngurumo wowote. Nilitaka kulibeba gunia lile nilitupe mbali, lakini waombolezaji wote walikuwa wakilitazama. Baba aliinama mbele, akavuta pumzi kwa pua, taratibu, kama anavyofanya akiukaribia mzinga. Kisha akanigeukia mimi.

Akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Watu walidhani amekwenda haja, wakaendelea kuzungumza kwa sauti za chini. Alikawia. Nikamfuata.

Alikuwa amechutama penye jaa la majivu, ndoo ya maji pembeni. Alikuwa akiosha mikono. Alisugua kwa majivu, akasuuza, akasugua kwa mchanga, akasuuza, akarudia majivu. Ngozi ya vidoleni ilikuwa imeanza kutoka damu.

"Baba, inatosha," nikasema.

"Martha."

"Abee, baba."

Alininyooshea viganja. "Ninuse mikono."

Nilipiga magoti, nikaishika, nikaileta puani. Nta ilikuwamo. Ilikuwa ndani ya mistari ya viganja na chini ya kucha, nta ya miaka yote aliyotulisha asali na kututafutia ada ya shule, na hakuna majivu duniani ambayo yangeitoa.

"Haina kitu," nikamwambia. "Inanuka majivu tu."

Hakuivuta mikono yake.

"Nusa tena," akasema.