Sifa za Sufian

Kwetu Unguja, mtu akija kukuuliza tabia za kijana wako, ujue kuna posa, na kazi yako ni kusifu mpaka ulimi uchoke. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo yule msaka vipaji wa timu ya kulipwa alipokuja kwangu Silver Spring, huku Marekani, kuulizia habari za Sufian, nilimwekea chai na kaimati, nikajitia mshenga.

Sufian ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Anacheza mpira wa Kimarekani chuoni, ule wa kofia ngumu na vikumbo. Kazi yake ni kuchomoka mbele na kudaka. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Asipochukuliwa na timu ya kulipwa, basi tena.

"Ana hasira?" mgeni aliuliza.

"Hasira! Mpole huyu, bwana. Hajamnyanyulia mtu mkono tangu azaliwe. Akikukanyaga, anakuomba radhi mara tatu."

Nilimwona anaandika, nikazidi kumwaga sifa. Mjinga mimi.

Siku tatu baadaye Sufian aliingia akabamiza mlango. Kocha alikuwa amemwambia kilichoandikwa: mikono mizuri, mbio nzuri, moyo laini. Hawezi kuwagonga mabeki ili mwenzake apite na mpira.

"Auntie, umemwambia mi ni soft!" alifoka. "Wanataka mtu wa kuumiza watu. Umeniua!"

"Mwanangu, nilikuwa nakusifu."

"Anarudi Jumamosi. Ataona."

Jumamosi yalikuwa mazoezi ya wazi, familia tumealikwa. Nilikaa na Jerotich, muuguzi Mkenya wa Langley Park. Mwanawe, Kimutai, alikuwa beki wa timu hiyohiyo ya chuo na rafiki wa Sufian. Wali wangu Kimutai ameula miaka minne. Msaka vipaji alisimama kando ya uwanja na daftari lake.

Kimutai alikuwa anamkimbilia mwenye mpira, hakumwona Sufian akija ubavuni. Sufian alimvaa kwa bega chini ya kidevu. Nilisikia mfupa ukilia. Kimutai aliangukia mguu wake, goti likapinda upande ambao goti halipindi, kofia ikachomoka. Akapiga ukelele, akatema jino, damu ikamwagika kifuani. Alipojaribu kujiinua kwa viwiko, Sufian alimsukuma chini tena, akamfokea usoni. Wenzake wanne wakamvuta. Nao akawapiga ngumi.

Jerotich alikuwa ameshavuka ua wa uwanja. Aliupapasa mguu wa mwanawe, na kwa kuwa ni muuguzi alijua palepale kwamba goti limekwisha. Wakati wanambeba kwenda kwenye gari la wagonjwa, alinifuata nilipokuwa nimesimama akanizaba kofi.

"Mmelea mnyama, Mama Sufian! Kimutai alimfanyia nini?"

Sikumrudishia. Nilistahili jingine.

Msaka vipaji alikuwa anaandika mbiombio, anatabasamu. Nilimchukia mtu yule. Na Mungu anisamehe, nilipoona lile tabasamu, moyo wangu ulifurahi.

Jumatatu asubuhi yule msaka vipaji alinipigia simu. Kimutai alikuwa ameshapasuliwa goti, na daktari alimwambia mpira ndio umekwisha. Sufian alikuwa bafuni kwangu. Tangu Jumamosi hakutia kitu tumboni. Alikuwa anatapika maji, analia kwa sauti akimwita rafiki yake, na ameniapia kwamba hatamgusa mtu tena maisha yake.

"Bi Nunu, wakubwa zangu wameipenda sana ile video ya Jumamosi," alisema yule mtu. "Nataka kujua jambo moja tu. Kijana anajuta?"

Nilitoka na simu mpaka roshani, nikavuta mlango wa kioo nyuma yangu ili kilio kisisikike.

"Hata kidogo," nikamjibu. "Amekula, amelala. Anauliza mazoezi yanaanza lini."