Upande Usiopigwa Picha

Bomba la nne liliminyika kwenye kona kwa mara ya tatu, na Fundi Meno akalitupa kwenye kikopo cha makosa. Akakata kipande kingine cha waya laini wa kuchomelea, ule wanaoutumia mafundi redio, akakiviringisha juu ya kioo mpaka kikanyooka, kisha akaanza kukipinda kwa vidole viwili, akikizungushia kwenye mpini wa brashi. Ukiulazimisha, waya huo unaminyika. Ukiuachia mno, unapinda pale unapotaka wenyewe. Safari hii ulitii.

Akautoboa mdomo kwa ncha ya drili ili uonekane una uwazi ndani, akaupima, akaulaza kando ya wenzake. Unene wake milimita mbili. Kwenye gari lenyewe bomba hilo la moshi lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, lakini hapa kila kitu kilikuwa kimepunguzwa mara ishirini na tano, na gari zima lingeweza kulala juu ya mkono wake, kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Saa ya mapumziko ya mchana ndiyo saa pekee ambayo meza ile ilikuwa yake. Saa nyingine zote ilikuwa ya meno ya bandia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi hapo, kwenye chumba cha nyuma cha daktari wa meno, katikati ya nta na vumbi la plasta, akiwatengenezea meno watu asiowajua. Mjini kulikuwa na watu wazima wenye vyeo vyao waliokuwa wakicheka kwa kazi ya mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Yeye hilo halikumuudhi. Aliwahi kusema kwamba ni afadhali hivyo, maana mtu akikujua anakuja kulalamika.

Gari lilikuwa la kaka yake. Uwanja mzima wa mbio ulimwita Rubani. Kwa miaka kumi na moja alishindana katika mbio fupi, zile ambazo magari mawili yanasimama sambamba, taa ya kijani inawaka, na ndani ya mita mia nne mambo yamekwisha. Hakuna kona, hakuna kupumua. Gari lake alilijenga kwa mikono yake: refu, jembamba kwa mbele, magurudumu ya nyuma yanamfika mtu kiunoni. Lilikuwa limeuzwa vipande vipande zamani, injini huku, magurudumu kule, na hakuna aliyejua fremu iliishia wapi.

Na sasa Rubani alikuwa haoni. Sukari ilianza na jicho moja, likafuata la pili, na kwa miezi minane alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Alikula kwa kubembelezwa. Daktari alisema miguu yake inataka kutembea, na kwamba kama haamki, mmojawapo utakatwa. Rubani akajibu, "Wakate. Kwani ninakwenda wapi?"

Jambo moja tu aliliomba, na aliliomba mara moja. "Nataka kulishika gari langu."

Fundi Meno, dada yake, alilipokea ombi hilo kama cheti cha dawa. Aliamini, ingawa hakuthubutu kumwambia mtu, kwamba gari likiwa sawasawa kaka yake atainuka. Lisipokuwa sawasawa, vidole vyake vitajua, na hapo ndipo atakapougeukia ukuta moja kwa moja. Siku ya kulikabidhi aliiogopa.

Wiki saba alizimaliza hivyo. Kiti cha dereva alikikata kwenye kopo la soda. Midomo minane ya kuvutia hewa aliichonga kwa plastiki ileile ya meno, ikabaki na rangi ya waridi ya ufizi mpaka alipoipaka rangi. Nyaya za plagi zilikuwa uzi wa kudarizi. Mkoba wa mwavuli wa breki, ule unaofunguka nyuma ya gari kulisimamisha, aliushona kwa kidole cha glavu. Wifi yake alimpigia simu kila baada ya siku mbili. "Wifi, fanya haraka," alimwambia wiki ya tano. "Ukichelewa nitamfunga magurudumu yeye mwenyewe, nimsukume mpaka sokoni." Akacheka, halafu akasema, "Leo hakula kabisa."

Picha alikuwa nazo kumi na tisa, na zote zilipigwa kutoka jukwaa la watazamaji, kwa hiyo zote zilionyesha upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na picha hata moja. Alipomwuliza kaka yake, alijibiwa, "Wewe tengeneza tu," na shuka ikavutwa mpaka sikioni. Basi, hakusumbuka. Mtu wa meno anajua kwamba kinywa ni pande mbili zinazotazamana. Jino la kushoto likiwepo, la kulia unalichonga kwa kulifuata, kinyumenyume, kama uso kwenye kioo. Alipinda mabomba manne ya kushoto yakipanda kuelekea nyuma, kama yalivyoonekana pichani, kisha akapinda manne ya kulia yafanane nayo kama mapacha. Akayatazama kwa mbele, akaridhika. Hata mgonjwa mkorofi asingepata la kusema.

Kuna mtu mmoja ambaye hakumfikiria hata kidogo katika wiki hizo saba, na huyo ni baba yao.

Baba alikuwa fundi bomba. Mwanawe alipotangaza kwamba atashindana, Mama alilia siku tatu, kwa sababu ndugu yake mwenyewe alikuwa amefia barabarani. Baba akala kiapo mbele ya Mama: gari hilo hataligusa hata kwa ncha ya fimbo. Akamwambia Rubani abebe kitanda chake, akaishi hukohuko karakana. Fundi Meno, wakati huo msichana wa miaka ishirini na miwili, alichukua upande wa kaka yake, na akauchukua wote. Aliacha kumwamkia baba yake. Asubuhi alimpita mlangoni amempa kisogo, jioni hivyohivyo. Miaka miwili hakumpa shikamoo, na katika mwaka wa pili kifua kikambana mzee kazini, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Alimzika akiwa bado amemnunia. Alikuwa hajaacha kumnunia mpaka leo, na wala hakuona aibu.

Jumamosi asubuhi alilifunga gari ndani ya pamba, akaliweka kwenye sanduku la kubebea meno, akaenda.

"Karibu, wifi," alisema wifi yake mlangoni, ndoo mkononi. Kisha kwa sauti ya chini, "Ameniomba nimnyoe ndevu."

Rubani alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni. Chumba kilikuwa na pazia zito. Hakuna aliyelifungua, kwa kuwa mwenye chumba hakuwa na haja ya mwanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Lete."

Akamwekea mapajani. Vidole vya Rubani vilitulia hewani kidogo, kisha vikashuka kwenye pua ya gari na kuanza kutembea. Vilipita magurudumu membamba ya mbele, fremu, usukani. Vikaingia upande wa kushoto, vikahesabu mabomba. "Hili la tatu liliniunguza," alisema, na akacheka. Ilikuwa miezi minane haijasikika sauti ile. Wifi aliiweka ndoo chini.

Vidole vikavuka kwenye injini, vikashuka upande wa kulia. Vikasimama. Vikarudi kushoto, vikaja tena kulia, polepole.

"Hili si gari langu," alisema Rubani.

"Kaka, nimepima kila kitu. Nimepima mara tatu tatu."

"Kushoto ni langu. Huku ni kwa nani?"

"Ni vilevile. Nimeyafananisha."

"Nani alikwambia yalifanana?" Aliligusa bomba moja kwa ukucha. "Haya yanapanda. Mabomba ya huku yalikuwa yanashuka."

"Gari gani la mbio lina mabomba yanayoshuka?"

"Langu. Karakana nzima walinicheka. Walisema upande mmoja ni ndege, upande mwingine ni choo." Ukucha ukarudi kwenye bomba. "Aliyeyapinda alikuwa fundi bomba."

Wifi alikaa kwenye kiti bila kukitazama. Fundi Meno alisimama palepale.

"Baba aliapa," alisema.

"Aliapa mbele ya Mama." Rubani alizungumza akiwa ameinamisha uso juu ya gari. "Mimi nilikuwa nimemaliza kushoto, kulia sijui nianzie wapi, mabomba yameniishia. Siku moja saa za chakula namwona mlangoni na jiliwa yake ya kubania mabomba begani. Hakunisalimia. Akajaza mchanga kwenye bomba, akalipasha moto, akalipinda. Siku nne alikuja hivyo, saa moja moja, anakula mkate amesimama. Nikamwambia, Baba, ya huku yanapanda. Akanitazama kama mjinga. Akasema, 'Bomba lisilo na mteremko linakuletea ugomvi na mwenye nyumba.'"

Wifi akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Fundi Meno hakucheka.

"Halafu?"

"Halafu akaniambia Mama asijue. Wala mtu yeyote."

"Na mimi ni mtu yeyote?"

Rubani akaurudia usukani kwa kidole.

"Nilikuwa nampita mlangoni kama mbwa," alisema Fundi Meno. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka miwili. Kwa ajili yako. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mama amekufa mwaka wa kumi na tatu huu. Kiapo gani bado unakitunza?"

"Si kiapo." Rubani alikuwa ameshika gari kwa mikono yote miwili. "Watu wote walikuwa wamenikataa. Nilipenda uwe upande wangu. Nilijua nikikwambia, utarudi kwa Baba. Halafu akafa, na ikawa nimechelewa, na kila mwaka nachelewa zaidi."

Fundi Meno alichukua mkoba wake. Hasira ilikuwa imempanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, aibu ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwa nayo, ikamjia yote kwa mara moja. Alifika mlangoni, akashika komeo. Wifi hakumzuia. Lakini mwenyewe hakufungua.

"Aliniulizia?" aliuliza, mgongo umeelekea chumba.

"Mara moja. Siku ya nne, akifunga vyombo vyake."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asubiri. Nikasema utamwamkia tu siku moja."

Nje mtu alikuwa anaburuta meza barabarani. Walimsikiliza mpaka akapita. Kisha Fundi Meno akarudi, akafungua mkoba, akatoa koleo ndogo na kipande kirefu cha waya. Akalichukua gari mapajani mwa kaka yake na kuyang'oa mabomba ya kulia, moja, mawili, matatu, manne. Gundi ilikuwa bado changa, yalitoka bila ubishi. Akakata vipande vinne vipya, akamtia Rubani viganjani.

"Pinda kama yeye."

"Mimi sioni."

"Sijakuomba uone."

Alisogea karibu kumtazama akipinda, lakini ndani ya chumba kile mikono ya kaka yake ilionekana kama kivuli tu. Akafinya macho, akainama, akafinya tena. Rubani alisikia pumzi yake ikikaribia.

"Huoni vizuri hapa," alisema.

"Naona kidogo."

"Huoni. Kazi hii inataka mwanga." Akatupa shuka pembeni. Miguu yake ilishuka sakafuni, myembamba, myeupe kwa ukavu. "Mama watoto, fungua pazia. Wewe nipe bega."

Wakaenda mpaka meza ya dirishani, hatua sita, na katika hatua ya nne alikaribia kuanguka akakitukana kiti kisicho na kosa. Wifi aliendelea kuvuta pazia. Alikuwa analia waziwazi, na hakujali.

Rubani akakaa, akapinda. Kazi yake haikuwa safi kama ya dada yake. Waya uliminyika kidogo kwenye kona, na dada yake aliuacha hivyohivyo. Akaubandika kwenye injini, akaushikilia ugande.

"Mteremko kiasi gani?" aliuliza.

"Hakupima. Alidondoshea maji juu yake, akainama kutazama kama yanashuka."

Kulikuwa na glasi mezani. Fundi Meno akachovya kidole, akaliacha tone moja juu ya bomba, mahali linapoanzia. Tone likakaa.

"Limeshuka?"

"Bado."

Rubani alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata mwisho wa bomba, akaubonyeza kwa ukucha, kidogo sana. Tone likatikisika. Likaanza kutambaa, likaipita ile kona iliyominyika, likafika mdomoni na kuning'inia hapo.

"Na sasa?" aliuliza kaka yake.

Fundi Meno aliinama zaidi, mpaka shavu lake likagusa meza, akawa analitazama.