Kiwanja Namba 46

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Jumapili tarehe 24 Novemba 1974, kabichi zilikuwa zimerundikwa kando ya barabara za Tianjin, zikifika kiunoni. Liberatus Kalinga, mwanafunzi wa ishara za reli kutoka Iringa, aliandika jambo hilo daftarini. Alikuwa ametoka Peking kuja kuuona mji huo kwa siku moja, akiongozwa na Ndugu Liu, mkalimani aliyejifunzia Kiswahili kwenye kambi ya reli Makambako. Mfukoni alikuwa na barua ya ofisi ya kijiji kipya cha ujamaa huko kwao. Ilisema: Mama yake, Rozalia, ameandikwa kuwa amehamia kiwanja namba 46 tangu Julai, lakini kiwanja ni kitupu. Mwana amwamuru mama yake aende, la sivyo masomo yatakatizwa.

Waliona daraja, kiwanda cha baiskeli, na soko la samaki. Saa saba na robo, uchochoroni, kati ya nyumba namba 17 na namba 19, waliikuta tembe ya udongo. Liberatus aliitambua kwa mlango: baba yake aliuchonga mwenyewe, na bawaba ya chini ilikuwa kipande cha tairi. Wanamgambo waliibomoa kule Iringa, siku watu wote wa kilima chao walipopakiwa kwenye malori kupelekwa kijiji kipya. Sasa ilikuwa nzima na ilifuka moshi. Udongo mwekundu uliishia hatua moja kabla ya lami.

"Haimo kwenye ramani," Liu alisema. "Lakini ramani ni ya mwaka juzi."

Liberatus alipiga hodi.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda? Hawakulishi?" Mama alikuwa akikata kabichi. "Majirani wananiletea majani haya. Hayana uchungu hata chembe. Mboga gani hii?"

Liberatus alimsomea barua. Kisu hakikusimama.

"Mimi sijahama. Nyumba ndiyo iliyohama."

"Mama, wanataka uende namba 46."

"Na baba yako wamempimia namba ngapi?"

Liberatus alitoka kwenda uani. Kaburi la baba lilikuwepo na msalaba wake wa mninga, hatua tisa kutoka ukutani, kama zamani. Alizihesabu mara mbili.

Liu alimuuliza mama kama ana kibali cha kukaa mjini.

"Wewe ulikuja kwetu kwa kibali cha nani, baba?"

"Cha serikali mbili, mama."

"Basi mimi ninakaa kwa kibali cha marehemu."

Liu alifunga kalamu yake.

Ndani ya treni ya kurudi Peking, Liberatus aliandika jibu: *Mama yupo nyumbani kwake, pamoja na baba. Sitamwamuru.*

Barua kutoka ofisini ilimfikia tarehe 9 Januari. Daftari la kijiji halina kosa: Rozalia amehamia namba 46. Masomo ya mwanawe yamekatizwa. Arudi nyumbani mara moja.

Liberatus alitii. Tarehe 12, saa tatu asubuhi, sanduku mkononi, alipiga hodi kwenye uchochoro wa Tianjin, kati ya namba 17 na namba 19. Komeo likavutwa.