Hamira ya Mama Jumamosi

Kwa miezi tisa fundi saa hakuwa na mtu wa kumgombeza, na hilo lilimchosha kuliko kazi.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Jumamosi kwa vile siku hiyo nyumba yake ilijaa wanywaji na umbea hadi ngazini, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alichoacha kikiwa hai, kama bado kilikuwa hai, ni chupa ya hamira kwenye friji: tope jeupe lililobaki chini ya ndoo ya bia yake ya mwisho. Hamira hiyohiyo aliilea miaka ishirini, pombe hadi pombe. Ikifa, basi tena.

Fundi alichemsha maji ya kimea, akayapoza mpaka tone likimwangukia mkononi lisimchome, akayamimina chupani. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kila akipita aliitikisa na kuipa habari: "Mwenye duka kaoa tena, unasikia? Wa tatu huyo!" Mkewe angecheka hadi kujishika mbavu. Chupa ikamkodolea macho tu.

Asubuhi ya tatu akakuta povu limeizunguka shingo ya chupa kama kola. Mzee mzima akakaa kitako sakafuni.

Kwa furaha ile akapika lita ishirini za bia, kipimo cha nyumba iliyojaa, akaitia hamira, na ndoo akaijaza hadi mdomoni. Alisahau nafasi ya vidole vinne ambayo mkewe aliiacha wazi siku zote, "ya kuhemea." Kesho yake mchana povu likaziba mpira wa kutolea hewa, na mfuniko ukaruka, puu! hadi darini.

Msusi wa chumba cha chini akapanda mbio, kitana mkononi.

"Babu! Unatumwagia nini? Mteja nimemsuka sasa hivi, ananuka kilabu!"

"Nisamehe, mjukuu wangu. Ni hamira ya Mama Jumamosi."

Msusi akatazama kuta zinavyochuruzika, hasira ikamtoka. "Kumbe iko hai? Yule mama kaondoka, fujo zake kaziacha!" Akacheka, akachungulia ndoo. "Sasa lita zote hizi utamnywesha nani?"

Fundi akaupachika tena mfuniko.

"Njoo wewe," akasema. "Jumamosi, wiki tatu kutoka leo."

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi nyingi, babu. Haya, wateja wananingoja."

Akashuka. Fundi akakomba povu kidogo, akalitia kwenye chupa safi na kulifungia frijini. Akapiga deki. Kisha akafungua kabati, akatoa bilauri za mkewe, zote kumi na nne zikiwa na vumbi, akaziosha moja moja na kuzipanga mezani, wiki tatu kabla ya wakati. Mlango aliuacha wazi kidogo. Kila nyayo zilipopanda ngazi aliinua kichwa. Zilipita. Nyuma yake ndoo iliendelea kububujika, naye akaijibu: "Nakusikia, mama. Nakusikia."