Kesi ya Dhamana ya Gari la Mama

Marehemu baba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hakuruhusiwa kusema neno mahakamani. Kazi yake ilikuwa kuandika ya wengine. Maneno yake mwenyewe alirudi nayo nyumbani jioni, na nyumbani akafungua mahakama yake. Kwa watu wengine, mtu akitaka kabati huenda dukani akanunua kabati. Kwetu kabati hushitakiwa kwanza. Mmoja husimama upande wa kununua, mwingine upande wa kukataa, mashahidi huitwa, na mama huhukumu kwa kugonga meza na mche wa sabuni ya kufulia. Siku za kufua kesi huahirishwa.

Baba alipofariki hatukuifunga mahakama. Mwendesha mashitaka ni mimi, kwa sababu kazini kwangu nakagua mizani za madukani na sijaona bado wa kumwamini. Mdogo wangu wa kiume ni kinyozi, na yeye ndiye wakili wa utetezi, maana kinyozi amezoea kukubaliana na kila anayekaa mbele yake. Mkewe, wifi yangu, huandika kumbukumbu. Mama alipewa uhakimu kwa sababu hana upande: wote anatuona wajinga sawasawa.

Safari hii kesi ilikuwa nzito. Figo za mama zimegoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima awe hospitali saa moja asubuhi, akae kwenye kiti kando ya mashine, isafishe damu yake kwa saa nne. Ukichelewa, kiti anapewa mwingine. Mwezi uliopita dereva wa teksi tuliyemzoea alichelewa, kiti kikaenda, na kwa siku mbili mama alivimba miguu, akalala ameketi, akihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia mgongoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Ndipo tukajichanga, tukanunua gari la rangi ya fedha, umri wake miaka kumi na sita. Lilikuwa limepita kwa watu wanne, na nilipowapigia simu wote walilisifu kama watu wanavyomsifu marehemu.

Baada ya kununua, pesa iliyobaki ilitosha jambo moja kati ya mawili. Tungeweza kumpa fundi abadilishe redieta na mkanda wa injini, au tununue dhamana ya ziada. Dhamana ni karatasi: unailipa kampuni leo, ili gari likiharibika kesho kampuni ilitengeneze kwa gharama yake. Angalau ndivyo walivyotuambia kwenye simu. Kinyozi aliitaka, mimi sikuitaka, kwa hiyo ikashitakiwa.

Wakala wa kampuni alikuja Jumamosi asubuhi, tai shingoni, faili kwapani, akidhani amekuja kuchukua saini tu. Wifi akampa maji, kisha akamwelekeza asimame kati ya friji na meza ya kupigia pasi.

"Hapa ndipo wapi?" akauliza.

"Kizimbani," wifi akamjibu. "Usiguse pasi, bado ina moto."

Mama akaingia, sote tukasimama. Wakala alikuwa tayari amesimama, kwa hiyo akachuchumaa kidogo, kisha akasimama tena. Nikajua amelelewa vizuri. Mama akaketi kwenye kiti chake, akatengeneza kanga mabegani, akagonga meza.

"Mshitakiwa ni nani leo?"

"Dhamana, Mheshimiwa," nikasema.

"Ana wa kumtetea?"

Kinyozi akainama. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, ambalo sasa halifungiki.

Nikaanza taratibu. Sina pupa kwenye kesi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia wakala, "Mdogo wangu, tusomee kipengele cha kwanza. Kwa sauti, sikio la kushoto la Mheshimiwa limestaafu."

Wakala akasafisha koo. "Dhamana hii itahusu injini nzima, isipokuwa sehemu zake zinazozunguka, zinazopanda na kushuka, zinazopata moto, au zinazogusana na mafuta."

Shahidi wangu alikuwa fundi wa gereji ya mtaa wa pili. Tulikuwa tumemkalisha kwenye kigoda mlangoni, kwa sababu ovaroli lake na kochi la mama haviwezi kuwa marafiki. Nikamuuliza, ukiondoa hivyo vyote, kwenye injini kinabaki nini.

Fundi akafumba macho. Midomo ikawa inacheza. Alikuwa anaifungua injini kichwani, anakipanga kila kipande sakafuni, na sisi tukasubiri kimya. Katikati alikunja uso na kurudi nyuma kidogo, nadhani alisahau nati. Zilipita dakika tatu nzima.

"Inabaki stika," akasema. "Ile yenye namba."

"Stika haimo," wakala akasema kwa unyenyekevu. "Imetolewa kwenye kipengele cha tisa."

"Napinga," kinyozi akadakia. "Mwenzangu anahesabu visivyokuwemo. Vilivyomo je? Kaka, hebu waambie vilivyomo."

Wakala akapata uhai. "Honi imo. Honi imo yote kabisa, ilimradi haikupigwa kwa hasira."

"Mheshimiwa amesikia," kinyozi akasema. "Honi yote."

"Na mtajuaje kama ilipigwa kwa hasira?" nikamuuliza wakala.

"Kuna mtaalamu wetu huja kuisikiliza."

Tukaendelea. Kipengele cha sita kilisema gari likiharibika njiani lifikishwe kwenye gereji ya kampuni likijiendesha lenyewe. Kipengele cha saba kilimtaka mteja atoe taarifa ya hitilafu saa arobaini na nane kabla ya hitilafu kutokea. Nikamuuliza wakala jambo hilo linawezekanaje. Akasema wateja wengi wamelalamika, lakini ofisi inaona ni suala la nidhamu.

Hapo kinyozi akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama alivyoona wanasheria wakifanya kwenye televisheni.

"Mheshimiwa, magoti yako yanaijua mvua siku mbili kabla. Hilo halina ubishi. Nguo zetu zimeokoka mara ngapi kwa ajili ya magoti hayo? Basi na gari lina magoti yake. Tukilikaa karibu, tukilisikiliza kwa upendo, litatuambia mapema."

Mama akamgeukia fundi. "Gari lina magoti?"

Fundi akafikiri. Ni mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliniponza. "Kwa namna fulani, mama, yapo. Mawili, mbele."

"Iandikwe," mama akasema, na wifi akaandika.

Nilichemka. Shahidi niliyemwita mwenyewe, nikamnunulia na soda, ananigeuka mchana kweupe. Nikaona sasa basi, nimalize. Nikaichukua ile karatasi mkononi mwa wakala, nikaiinua juu. "Mheshimiwa, wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hapa tunauziwa gunia, na ndani hata mbuzi hayumo."

Wote wakacheka. Fundi alicheka, wifi alicheka, hata wakala alicheka kabla ya kukumbuka yuko upande gani. Mama mwenyewe aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilijua nimeshinda, na kichwa kikanivimba.

Wakala, maskini, akatafuta pa kujishika. "Pengine tungezungumzia muda. Kuna ya mwaka mmoja na kuna ya miaka mitatu. Ya mitatu ina nafuu yake."

"Miaka mitatu?" Nikamgeukia mama, kama nifanyavyo ninapotaka kufunga kesi. "Mheshimiwa, miaka mitatu ya nini? Gari hili lina kazi moja tu duniani. Hata huo mwaka mmoja ni mwingi. Sisi gari hili tutalihitaji kwa—"

Nikalimeza neno lililobaki. Nilikuwa nimechelewa.

Wiki sita kabla ya hapo daktari alitusimamisha mimi na kinyozi kwenye korido. Akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kwa umri wa mama, na moyo wake ulivyo, tuhesabu miezi, na tukifika mwaka tushukuru. Tulikubaliana palepale kwamba mama hataambiwa. Kinyozi, mtu ambaye siri ya mteja haifiki jioni mdomoni mwake, hii aliitunza. Aliyeitoa ni mimi, mbele ya friji na fundi wa magari, kwa uroho wa kushinda kesi ya karatasi.

"Endelea, mwendesha mashitaka," mama akasema. "Kwa muda gani?"

"Sina maswali zaidi, Mheshimiwa."

"Sijakuuliza kama una maswali."

Kinyozi akaangalia dari. Fundi, ambaye hakujua lolote, alitutazama mmoja baada ya mwingine kisha akaanza kuchunguza kucha zake. Nilimtazama mama nikashindwa, nikatazama sabuni.

"Niandike nini?" wifi akauliza polepole.

"Andika mwendesha mashitaka amekohoa."

Nikajikaza. Nikasema naiondoa kesi, upande wa mashitaka umeridhika, tununue dhamana, tena ile ya miaka mitatu. Kinyozi akasema utetezi unaunga mkono. Mama akaigonga meza kwa nguvu mpaka kipande cha sabuni kikaruka, kikaangukia kiatu cha wakala.

"Kesi haiondolewi kwa sababu mtu ameona aibu," akasema. "Baba yenu asingekubali, na mimi sikubali. Mmoja amethibitisha karatasi haina kitu, mwingine amethibitisha gari lina magoti. Nimewasikia wote. Kaeni."

Tukakaa. Wakala naye akatafuta pa kukaa, hakupaona.

"Mahakama imeona kwamba dhamana hii ni porojo. Pesa apewe fundi, redieta na mkanda vibadilishwe kesho, maana Jumatatu nina safari. Kuhusu muda, mahakama haina taarifa hiyo. Nyinyi wawili hamna. Na yule daktari anayependa kunong'ona korido wakati mimi nimekaa nyuma ya mlango, naye hana." Akaweka sabuni chini. "Sasa nataka chai. Na huyu kijana mpeni kiti, amesimama tangu asubuhi."

Hakuna aliyelia. Kinyozi alienda jikoni kuchemsha maji, akafungua bomba akaliacha likimwagika kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji birika. Mama aliomba apewe kumbukumbu azisome, akasahihisha tarehe. Alipofika mahali pa kikohozi alipapita bila kusema kitu, akafungua ukurasa mwingine.

Wakala alipomaliza chai yake nilimsindikiza nje. Njiani aliniambia pole. Nikamjibu sijafiwa, tena kwa ukali, na ukali huo hakuustahili. Tulipofika kwenye gari la mama nikamwambia atoe fomu.

"Dada, si mahakama imekataa?"

"Pesa ya mahakama imekwenda kwa fundi. Hii ni yangu, nilikuwa naiweka kwa ajili ya jino."

"Lakini ulisema ndani hamna kitu."

"Hamna. Nimesema, na nitasema popote. Toa fomu."

Akaitandaza juu ya boneti, akaishikilia kwa kiganja ili upepo usiichukue. Nikamuuliza muda mrefu kabisa wanaotoa ni upi. Akasema mitatu. Nikamuuliza mbona mitatu tu.

"Kwa gari la umri huu, dada, kampuni haiamini kama litafika zaidi ya hapo. Hata hiyo mitatu ni ya kuwapa wateja moyo."

"Kampuni imelijulia wapi?" nikasema, na sauti ikapanda bila mimi kuipandisha. "Imeliona lini? Imewahi kukaa nalo asubuhi hata moja? Andika mitano."

"Fomu ina visanduku viwili tu. Mmoja na mitatu."

"Chora kingine."

Alinitazama. Nadhani alitaka kunieleza mambo ya ofisi na nidhamu. Badala yake alifungua faili, akatoa rula, akainama juu ya boneti na kuchora kisanduku, pande zote nne, taratibu, kisha akaandika kando yake kwa mkono: miaka mitano. Akanipa kalamu. Nikakandamiza sana, na ile alama ya vema ikatoboa karatasi ikafika kwenye rangi ya gari.