Mfungaji Hatembei

Aliyesoma Kolwezi miaka ile hakuhitaji kuelezwa Muamba ni nani. Jumamosi alichezea chuo basketi, Jumapili mpira wa miguu, Jumatatu alisinzia darasani na mwalimu akamwacha asinzie. Klabu moja ya Lubumbashi ilikuwa imeshamwita.

Basi mwaka 1993 mji ukachacha. Majirani waliozoea kuimba jina lake uwanjani wakawaambia watu wenye asili ya Kasai, kama yeye, warudi kwao. Kwao wapi? Muamba alizaliwa Manika, mtaa wa hapohapo Kolwezi. Kasai aliijua kwa hadithi za babu yake tu. Jirani akaingia nyumbani mwao akaifanya yake, na Muamba na mama yake, Mama Kanku, wakahamia stesheni kungoja treni, wakilala juu ya mabunda yao pamoja na maelfu. Timu ya basketi ikafa palepale: kati ya watano, wanne walikuwa wa Kasai.

Jumapili ya fainali ya mpira, Kitenge, kapteni wa timu ya chuo, akaja stesheni na jezi namba tisa.

"Kuya tucheze," alisema. "Bila weye, ba Fungurume batatushinda."

"Mulisema mi si mutu wa hapa."

"Mi sikusema. Tukishinda, nani atakugusa? Mutarudia ku nyumba yenu."

Muamba akamtazama mama yake. Treni ingeweza kufika saa yoyote.

"Enda, mwana," Mama Kanku alisema. "Nyumba ni nyumba."

Akaenda, asijue anasukumwa na hofu au furaha. Uwanjani midomo ileile iliyomfukuza ikaimba jina lake. Aliyechukua nyumba yao alikuwa mstari wa mbele, anapiga ngoma. Muamba akacheza kama mtu aliyepigwa kofi akasahaulishwa sababu. Dakika za mwisho ikapigwa kona. Akaruka kama anavyorukia kikapu, juu ya mikono ya kipa, akapiga kichwa. Moja bila.

Sasa, chuo kile kina desturi yake: mfungaji wa bao la ushindi hatembei. Hubebwa mabegani hadi kwa mama yake, akakabidhiwe. Muamba alishabebwa mara saba, njia aliijua. Kitenge akamweka mabegani, umati ukafuata, na Muamba akalia kwa furaha, sitaficha. Walimtaka. Wangemrudisha nyumbani.

Wakafika njia panda: kushoto Manika, kulia stesheni. Wimbo haukukatika. Kitenge akakata kulia.

"Kitenge, tunaenda wapi?"

"Kwa mama yako," Kitenge akajibu, bila ubaya wowote usoni. "Haiko ku stesheni njo anakaa?"

Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakuimbii kwanza. Wakamshusha taratibu juu ya mabunda. Mpiga ngoma akampa Mama Kanku mkono, akamsifu kwa kuzaa vizuri. Kitenge akaomba jezi, maana ni mali ya chuo, kisha wote wakaondoka wakiimba.

Mama Kanku alikuwa ameshafunga mabunda yote vizuri. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mkononi mwake.

"Nimesikia nyimbo," alisema. "Tunarudia?"

Muamba alisimama kifua wazi.

"Tulishinda, mama," akasema, akaketi kando yake kungoja treni.